Ndizi Zilizongoja Jua Kuzama

Daktari alizungumza nami mlangoni, mbali na kitanda. Alikuwa na umri wa kitinda mimba wangu, na alinishika kiwiko kama mtu anayemvusha mwingine mto. Alisema ugonjwa wa mke wangu umeenea tumboni, na kwamba hapa Kisii hakuna tena la kumfanyia, wala Nairobi. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile.

"Mzee, mpe chochote anachotaka kula, wakati wowote anaotaka. Hamu ikija, msiicheleweshe."

Mimi ni mtu wa kanisa. Nilisomea Neno chuoni nikiwa kijana, nikafundisha somo la dini katika shule ya msingi hadi nilipostaafu, na mpaka leo ni mzee wa kanisa letu dogo kwenye kilima kilicho juu ya Sironga. Sisi ni watu wa kushika Sabato. Nimezoea kupokea agizo na kulitii. La daktari nililipokea, nikamshukuru yeye, nikamshukuru na Mungu kwa kutupa daktari asiyetuficha. Nilidhani nimelielewa.

Nyumbani tulikuwa wawili, na chini kidogo, ukipita migomba, kuna nyumba ya mwanangu wa kwanza, ambaye hufanya kazi mbali. Mke wake ndiye aliyemuuguza mama mkwe wake. Kwetu, kati ya mke wa mwana na baba mkwe kuna heshima tunayoiita ensoni. Siingii nyumbani kwake, hanipi mkono, hatutazamani machoni, na neno la kunipinga halitoki kinywani mwake. Akiwa na jambo zito la kuniambia, humwambia kuku, au huiambia sufuria. Nami nikisikia, nimesikia. Tumeishi hivyo kwa amani, na simkumbuki mkwe mwema kuliko huyo.

Kitu cha kwanza mke wangu alichotaka kilikuwa chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu inayochemshwa polepole na maziwa, ambayo mwanamke aliyejifungua hupewa ili damu imrudie. Aliitaka ile ya kwake. Na ile ya kwake haikuwapo tena, kwa sababu yangu mimi.

Mbegu alikuwa nayo tangu alipoolewa. Alipewa na mama yake, akaifunga kwenye ganda kavu la mgomba na kuining'iniza juu ya meko katika jiko la zamani ili moshi uilinde na wadudu. Kila msimu alichukua kidogo na kurudisha kidogo. Kisha watoto wetu wakatuletea neema: jiko la kisasa lenye vigae, sinki, na gesi. Nilifurahi mno. Siku mafundi walipouliza kama wabomoe jiko la zamani, mke wangu alikuwa sokoni na ndizi zake, nami nikasema bomoeni. Aliporudi, nyasi za paa zilikuwa zinamalizika kuungua. Alichukua kijiti akachokora majivu kwa muda. Halafu akasema, "Sawa. Tumekuwa watu wa vigae." Hakulisema tena.

Basi sasa alipoitaka, nilikwenda Nyamira kwenye duka la agroveti. Msichana aliyekuwa akiuza alinipa pakiti ya mbegu yenye picha ya mboga iliyonawiri kama ya peponi.

"Hii ni ya kisasa, mzee. Majani mapana, na haina uchungu hata kidogo."

Nililiona hilo kuwa jambo jema. Nililima kitalu nyuma ya nyumba kwa mikono yangu, nikachanganya samadi, nikapanda kwa mistari kwa kutumia kamba kama nilivyowafundisha watoto shuleni. Kwetu bustani ya mboga ni ya mwanamke, na jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi, aliniona nimeinama humo na mche mkononi.

"Mwalimu!" akaita kutoka upande wa pili wa ua. "Ni nani amekuoa bila sisi kujua?"

"Ni huyu aliye ndani," nikamjibu. "Na mahari yangu hajatoa mpaka leo."

Alicheka hadi akashika mti. Ndani, nilimsikia mke wangu naye akicheka, kicheko kilichokatizwa na kikohozi. Niliinamia mboga zangu nikamshukuru Mungu kwa kicheko hicho.

Mboga iliota vizuri kuliko yoyote niliyowahi kuiona. Majani yalikuwa mapana kama kiganja. Mkwe wangu aliichuma, akaipika kwa maziwa nusu siku, akaileta na ugali wa wimbi. Mke wangu aliichukua kwa ncha za vidole, akaiweka mdomoni, akakaa nayo.

"Hii imeenda shule," akasema. "Imesoma mpaka imesahau kwao."

"Haina uchungu," nikasema. "Itakulainikia tumboni."

"Baba watoto, mdomo wangu hausikii tena chumvi, hausikii sukari. Kilichobaki ni uchungu peke yake. Nilitaka ule ninaoujua."

Akasukuma sahani. Nilinunua chinsaga sokoni kwa akina mama wa Kisii, nikanunua tena Keroka, lakini ilikuwa imechumwa jana yake na kunyunyizwa maji ionekane mbichi, na yeye aliijua kwa harufu tu kabla haijafika kitandani. Mwana wetu akatuma mashine ya umeme ya kusaga matunda. Tulimsagia parachichi, tukamsagia ndizi mbivu, na katikati ya kazi umeme ukapotea kama kawaida yake, nasi tukabaki tumeizunguka ile mashine kama watu waliofika matangani wakakuta maiti bado haijaletwa. Umeme uliporudi, mashine ilinguruma peke yake jikoni, tukaruka sote. "Ondoeni hiyo," akaita kutoka kitandani. "Mimi si wa kusagwa." Ipo hata sasa kabatini, ndani ya sanduku lake.

Nasema haya yote ili ieleweke kwamba nilijaribu. Sikuwa mtu aliyekaa.

Jumatano moja tulikuwa tumetoka kliniki mjini Kisii, mkwe wangu amemshika mkono mmoja, mimi wa pili. Tulipita karibu na hoteli moja kubwa yenye madirisha ya vioo. Mke wangu akasimama.

"Hapa nimeleta ndizi tangu watoto wakiwa wadogo," akasema. "Nimeingia mlango wa nyuma tu. Hebu tuingie huu wa mbele."

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akibeba mikungu mibichi kutoka shambani, kisha akanunua na kwa wengine mpaka Nyacheki, na kuileta katika hoteli hiyo, na hakuwahi kuketi humo. Wala mimi. Sisi hatukuwa watu wa kula nje. Chakula cha hotelini tuliona ni cha wasafiri na wafiwa. Tuliketi karibu na dirisha. Mkwe wangu, kwa heshima, aliketi meza ya nyuma yetu akatupa mgongo. Kijana wa kuhudumu alikuja na karatasi ngumu iliyoandikwa vyakula pande zote mbili.

"Mama, tukuletee nini?"

"Mna ndizi?"

"Tunazo. Matoke ya nyama, matoke ya maharagwe, matoke ya dania na nyanya. Ni tamu, mama, ndizi zetu ni za hapa hapa Gusii."

"Nani huwaletea?"

"Kuna mama mmoja alikuwa analeta. Siku hizi haonekani. Mwingine ndiye analeta, lakini zake si kama za yule."

Mke wangu alinitazama. Sikuwa nimemwona akitazama hivyo tangu tulipokuwa vijana.

"Niletee za dania," akamwambia. "Na umwambie mpishi yule mama amekuja kukagua."

Ndizi zililetwa kwenye sahani nyeupe, laini, zimelowa mchuzi mwekundu, majani ya dania juu yake. Alikula. Aliponda kwa uma, akameza, akaponda tena. Hata mkwe wangu aligeuka mara moja akachungulia, akarudi upesi kutupa mgongo. Nusu sahani iliisha. Katika wiki zote zile hakuwa amekula nusu sahani ya kitu chochote.

"Kumbe zikifika hapa huvishwa hivi," akasema. "Na mimi nilikuwa naziacha pale nyuma kama yatima."

Mpishi mwenyewe alitoka, mwanamume mnene aliyevaa aproni, akamwamkia kwa mikono miwili. Tulirudi nyumbani mvua ya alasiri ikinyesha, naye alilala usiku ule bila kutapika. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikashukuru mpaka miguu ikafa ganzi. Nilifikiri tumepata njia.

Siku mbili zilizofuata alirudi kwenye maji na kijiko cha uji. Ijumaa mkwe wangu alipika chakula cha Sabato kama desturi, kwa kuwa siku hiyo hatupiki wala hatununui. Tunapasha moto tu. Jua likazama, nikafunga milango, tukaimba polepole, mke wangu akisogeza midomo.

Asubuhi ya Sabato sikwenda kanisani, nilibaki kumsomea. Yapata saa tatu alifumbua macho yakiwa maangavu.

"Baba watoto."

"Niko hapa."

"Nina njaa."

Nilifunga kitabu kwenye kidole changu. Mkwe wangu, aliyekuwa akifagia sebuleni, aliacha kufagia.

"Njaa ya nini?" nikauliza.

"Zile ndizi za hoteli. Zile za dania. Nazisikia hapa," na akajigusa shingo. "Ningekula sahani nzima."

Nataka kuandika wazi jinsi nilivyofikiri, kwa sababu nimeulizwa na nimejiuliza. Sikumkatalia. Hilo halikunijia kabisa. Nilihesabu tu. Ilikuwa saa tatu. Jua lingezama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, kama ilivyochapishwa kwenye kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani. Ni mchana mmoja tu, nikasema moyoni. Mtu aliyengoja wiki atangoja mchana. Katika nyumba hii, tangu tuifungue, hapajanunuliwa hata kiberiti siku ya Sabato. Tuliwahi kukaa gizani na wageni kwa sababu hiyo, na wageni wakatusifu.

"Jua likizama tu," nikamwambia, "nitapanda boda mwenyewe mpaka Kisii. Nitakuletea sahani mbili."

"Njaa hii haijui kalenda."

"Mama watoto, umeishika siku hii tangu ukiwa msichana."

"Nimeishika," akasema. "Basi."

Mkwe wangu alitoka nje. Nilimsikia nyuma ya nyumba, karibu na mboga zangu, akimwambia kuku.

"Wewe kuku, ukiugua leo utaenda wapi? Sisi hapa ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato tunamtoa. Hata kwenye mahubiri tumeambiwa. Lakini wewe si ng'ombe. Wewe kaa hapo ungoje jioni."

Mahubiri hayo yalikuwa yangu. Niliyatoa mwenyewe, juu ya ng'ombe yule na kisima, na watu waliitikia amina. Nilimsikia mkwe wangu kila neno. Angeweza kwenda mwenyewe; alikuwa na miguu na boda ziko barabarani. Lakini nilikuwa nimeshasema, na ensoni haimruhusu kutoka kwenye lango langu kufanya kinyume cha neno langu. Baadaye akajaribu njia nyingine: akaja mlangoni, macho chini, akasema kuna ndizi mbichi shambani na dania kwa jirani, kwamba anaweza kuchemsha kidogo tu. Nikamwambia, kwa upole, kwamba mama ametaka za hoteli, na za hoteli zitakuja. Akasema, "Ndiyo, baba."

Nilisoma. Saa sita mke wangu aliuliza ni saa ngapi. Saa nane akauliza tena. Mvua ilinyesha saa tisa, ikaacha. Saa kumi hakuuliza. Alikuwa amegeukia dirisha, akitazama migomba ikidondosha maji. Nilimpa uji, akakataa kwa kidole. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga siku ile, nikidhani ni vema tungoje pamoja.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa barabarani nimevaa koti, nikitazama saa ya mkononi. Sikuanza dakika moja kabla. Nilifika Kisii, nikanunua sahani mbili, nikawaomba wazifunge kwa karatasi ya foili, nikaziweka ndani ya koti kifuani ili zisipoe, na mwenye boda nikamsihi akimbie. Kifua kiliniungua njia nzima. Nilifurahia kule kuungua.

Mkwe wangu alikuwa amemkalisha na kuwasha taa. Nilifungua karatasi mbele yake, mvuke ukapanda, na chumba kikajaa dania. Aliinamisha pua. Alingoja, nasi tukangoja. Kisha akajiegemeza kwenye mto wa kitanda.

"Imepita," akasema.

"Onja tu."

"Ilikuwa hapa asubuhi. Ilikaa ikikungoja, ikachoka."

Nilichukua kijiko nikakileta mdomoni mwake. Alifungua mdomo, kwa ajili yangu, najua ni kwa ajili yangu, na kipande kikakaa juu ya ulimi mpaka mkwe wangu akakitoa kwa kitambaa. Hakutaka tena kitu. Si siku ile tu. Aliishi siku kumi na moja kwa maji ya kijiko, na katika siku hizo nilimuuliza kila asubuhi na kila jioni, nikamwambia hata Sabato ikija nitakwenda, nitakwenda saa yoyote, hata katikati ya ibada. Sabato ikaja. Nilivaa koti tangu alfajiri, nikakaa kando yake nikiwa tayari. Alinitazama na lile koti.

"Livue," akasema. "Utatoka jasho."

Nilimwomba msamaha. Aliushika mkono wangu akasema nilifanya ninavyojua. Nimeyapima maneno hayo kwa njia zote.

Siku ya mazishi, mzee mwenzangu wa kanisa alisimama kutoa ushuhuda. Sijui nani alimwambia. Alisema hii ni nyumba ambayo hata ugonjwa wa mauti haukuivunja Sabato yake. Kwamba mama huyu, akiwa na njaa yake ya mwisho, alingoja jua lizame. Watu wakasema amina, na wengine walilia kwa kubarikiwa. Nilikuwa nimeketi mbele. Ilinipasa kusimama na kusema hakungoja, alingojeshwa. Sikusimama. Mkwe wangu alikuwa jikoni na akina mama, na nilisikia sufuria ikiwekwa chini kwa kishindo.

Bado naishika siku. Sijui njia nyingine ya kuishi, na sijaacha kuamini kwamba ni njema. Namshukuru Mungu kwa miaka niliyopewa pamoja na yule mama, kwa watoto, kwa vigae hata. Asubuhi ile peke yake sijaweza kuishukuru. Nimekaa nayo kwa subira, nikidhani siku moja itafunguka nione kilichomo ndani. Haijafunguka. Mboga zangu za kisasa zilikomaa zikatoa maua, nikaziacha zipukutishe mbegu, nazo huota zenyewe kila mvua, pana, kijani, zisizo na uchungu.

Na kuna jambo moja ambalo mkwe wangu alilianza baada ya matanga, na hatujawahi kulizungumzia. Kila Sabato, mchana, nikirudi kutoka kanisani, naona moshi kwenye jiko lake kule chini ya migomba. Anapika. Baadaye nasikia nyayo, na nikitoka nakuta sahani juu ya kiti cha barazani, imefunikwa kwa sahani nyingine: ndizi laini, nyanya, dania juu. Amejifunza mpaka zimefanana na zile. Sijui kama ananilisha au ananishtaki, na ensoni haitaniruhusu kumuuliza wala yeye kunijibu.

Naichukua, naiweka mezani chini ya kalenda, nakaa mbele yake. Nangoja jua lizame. Kisha nafunua na kula, zikiwa zimepoa.